Video Ikae Wapi? Mwongozo wa Kupanga Hifadhi ya Maudhui Katika Mtandao wa Utiririshaji

Mtazamaji anabonyeza kitufe cha kucheza, kiduara kinazunguka, anailaumu intaneti yake. Mara nyingi intaneti yake haina kosa lolote. Kipande cha kwanza cha video kilikuwa kwenye seva ya mbali, na hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akaamua kwamba kisogezwe karibu naye.

Kwa miaka ambayo nimekuwa nikihudumia mitambo ya video, kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni la mpangilio wa maswali. Timu inaanza na "tununue diski za ukubwa gani?", na swali la nani ataomba nini, saa ngapi, linakuja baadaye au haliji kabisa. Katika mwongozo huu tutaanza na ombi la mtazamaji, kisha diski ifuate. Mifano ya mipangilio nimeiandika kwa Nginx, programu ya seva ya wavuti, kwa sababu wengi wanayo, lakini hesabu zake zinafaa kwa seva yoyote ya kache (hifadhi ya muda ya nakala zinazoombwa), iwe Varnish au Apache Traffic Server, na hata kwa anayekodi huduma ya CDN (mtandao wa kusambaza maudhui) kutoka kampuni nyingine.

Hatua ya 1: Chora njia ya ombi

Chukua karatasi, chora ngazi tatu. Chini kabisa kuna seva za pembezoni, zilizo karibu na watazamaji. Juu yake kuna ngazi ya kati, seva chache zinazopokea maombi ambayo pembezoni imeshindwa kuyajibu. Juu kabisa kuna chanzo, hifadhi yenye nakala kamili ya kila kitu. Ombi likijibiwa pale lilipofikia mara ya kwanza tunasema ni hiti. Likikosa, linapanda ngazi.

Sasa andika umbali kando ya kila mshale. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Seva iliyo kilomita 2,000 inadai angalau milisekunde 20 kwenda na kurudi, na njia halisi ya nyaya huwa ndefu kuliko mstari ulionyooka. Milisekunde 20 zinaonekana si kitu mpaka uhesabu safari zenyewe. Kufungua muunganisho wa TCP ni safari moja, kukubaliana usimbaji wa TLS 1.3 safari nyingine, kisha orodha kuu ya kucheza, orodha ya kiwango cha ubora kilichochaguliwa, faili ya kuandaa pleya, na ndipo kipande cha kwanza chenyewe. Hizo ni safari sita, yaani milisekunde 120 kabla ya kuhesabu muda wa kupakua data. Seva ikiwa kilomita 50, safari hizohizo sita zinakula milisekunde 3. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hatua ya 2: Pima ukubwa wa maktaba yako

Usikisie. Orodhesha viwango vya ubora unavyovitoa na ujumlishe kasi zake. Tuchukue mfano ambao tutautumia hadi mwisho: 1080p kwa megabiti 5 kwa sekunde, 720p kwa 3, 480p kwa 1.5, 360p kwa 0.8 na 240p kwa 0.4. Jumla ni megabiti 10.7 kwa sekunde. Saa moja ya video inachukua GB 4.8, na filamu ya saa mbili inachukua GB 9.6. Ukiwa na filamu 1,500 za namna hiyo, maktaba nzima ni TB 14.4.

Hesabu hii inachukulia kwamba kila kiwango kinahifadhiwa mara moja tu. Kagua kama ndivyo ilivyo kwako. Mifumo mikuu ya kutiririsha ni miwili: HLS ilitoka Apple mwaka 2009, DASH ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, na kwa muda mrefu watoaji walihifadhi seti mbili za vipande vyenye picha zilezile, seti moja kwa kila mfumo. Tangu CMAF, muundo wa pamoja wa vipande, ipitishwe mwaka 2018, seti moja ya vipande inaweza kuhudumia orodha za mifumo yote miwili. Kinachowakwamisha wengi sasa ni usimbaji wa kulinda haki: vifaa vya Apple vinatumia aina ya usimbaji iitwayo cbcs, na vifaa vingi vya zamani vya upande wa pili vinajua aina nyingine, cenc, pekee. Ikiwa watazamaji wako wenye vifaa hivyo vya zamani wamebaki wachache, hamia cbcs peke yake. Ni nadra kupata uamuzi mmoja unaopunguza karibu nusu ya hifadhi ya kila ngazi kwa siku moja, na kache za pembezoni zinanufaika kuliko zote, kwa kuwa watazamaji wa mifumo yote miwili sasa wanaomba faili ileile.

Hesabu pia idadi ya faili. Vipande vya sekunde 6, ambavyo ndivyo Apple inavyopendekeza, vinaifanya filamu ya saa mbili kuwa vipande 1,200 kwa kila kiwango, na kwa viwango vitano ni faili 6,000. Namba hiyo tutaihitaji mbele.

Hatua ya 3: Soma logi kabla ya kugusa diski

Toa logi (kumbukumbu za maombi) za siku 30 kutoka pembezoni. Hesabu maombi kwa kila filamu, kwa kila kiwango cha ubora, na kwa kila dakika ya filamu. Usiishie kwenye jumla, kwa kuwa jumla inaficha karibu kila kitu unachohitaji kukijua.

Utakachokiona ni mkia mrefu. Filamu chache zinabeba maombi mengi, na nyingi zinaombwa mara mojamoja. Mwanaisimu George Kingsley Zipf aliuona mwendo huu kwenye maneno ya lugha: neno la pili kwa wingi hutokea takriban nusu ya mara za neno la kwanza, la tatu theluthi yake, na kuendelea. Maktaba za video hufanana nao kwa kiasi, ingawa kila moja ina mteremko wake, na ndiyo maana logi zako zina thamani kuliko kanuni yoyote.

Chukua mteremko wa Zipf wenyewe kama makadirio ya kuanzia. Seva ya pembezoni yenye SSD ya TB 2 inabeba filamu 208 kati ya 1,500, yaani chini ya asilimia 14 ya maktaba. Zikiwa ni zile 208 zinazopendwa zaidi, zinajibu takriban asilimia 75 ya maombi. Nunua diski ya pili, uwe na TB 4: sasa unajibu takriban asilimia 84. TB 2 za kwanza zimekupa pointi 75, za pili zimekupa 9. Sisemi diski ya pili ni hasara, maana maombi yanayopanda ngazi yameshuka kutoka 25 hadi 16 katika kila 100, na huo ni mzigo mkubwa ulioondolewa kwenye nyaya za juu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuinunua kuna njia za bei nafuu za kupata pointi zilezile.

Mojawapo ni kutazama safu ya ubora. Ikiwa pembezoni fulani watazamaji wengi wako kwenye simu na 1080p inaombwa kwa nadra, kuibeba ni kutoa karibu nusu ya diski kwa wachache. Iache 1080p ya filamu za mkiani ikae ngazi ya kati.

Hatua ya 4: Beba mwanzo wa kila video

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Mtazamaji anakereka zaidi mwanzoni. Video ikishaanza, pleya ina akiba ya sekunde kadhaa mbele, na kipande kinachochelewa kidogo kutoka ngazi ya kati hakionekani. Kipande cha kwanza hakina akiba mbele yake, kwa hiyo kila milisekunde inaonekana. Zaidi ya hapo, wengi hufungua video, wakaitazama kidogo na kuondoka, hivyo dakika za mwanzo huombwa mara nyingi kuliko za mwisho. Wazo la kuhifadhi mwanzo pekee karibu na mtazamaji lilielezwa na watafiti Sen, Rexford na Towsley mwaka 1999, na bado linafanya kazi.

Angalia hesabu. Dakika 2 za kwanza, katika viwango vyote vitano, ni MB 160. Zidisha kwa filamu zote 1,500: GB 240. Kwa asilimia 12 ya SSD ya TB 2, kila filamu katika maktaba nzima inaanzia pembezoni, pamoja na ile ambayo haijaombwa kwa miezi. Gharama yake? Nafasi iliyobaki inabeba filamu 183 badala ya 208, na makadirio yetu ya asilimia 75 yanashuka hadi takriban 73. Mimi ningelipa bei hiyo bila kusita.

Kwa utekelezaji, vipande vya dakika 2 ni 20. Hakikisha majina ya faili yana namba ya kipande, kisha elekeza namba 1 hadi 20, pamoja na faili za kuandaa pleya, kwenye eneo lao la kache lenye nafasi yake. Eneo hili lisichanganywe na jingine, la sivyo filamu moja mpya iliyoshika kasi itafukuza mianzo ya filamu 1,000 zilizotulia.

Hatua ya 5: Weka mlinzi mlangoni

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kache inaoza, na sehemu yake kubwa inaingia ikiwa tayari imeoza. Mwaka 2015 Bruce Maggs na Ramesh Sitaraman walieleza walichokiona kwenye mtandao wa Akamai, kampuni ya CDN: katika kundi la kawaida la seva, kwa siku mbili, takriban robo tatu ya anwani ziliombwa mara moja tu. Kila moja ikiandikwa kwenye diski inamfukuza mtu aliyekuwa na kazi, kisha haiguswi tena. Dawa waliyoitumia ni rahisi: ombi la kwanza lipite bila kuandikwa, seva ikumbuke tu kwamba limepita, na la pili ndilo liandikwe. Kumbukumbu hiyo wanaiweka kwenye kichujio cha Bloom, njia ya kukumbuka kwa kukadiria kama kitu kimewahi kuonekana, ambacho kinakula nafasi ndogo sana ya RAM.

Faida ya pili ni uhai wa SSD. SSD hufa kwa kuandikwa, na kusomwa hakuichoshi kwa kiasi hicho. Seva inayoandika kila inachokosa inaimaliza diski yake mapema.

Kwenye Nginx mlinzi huyu ni mstari mmoja, `proxy_cache_min_uses`. Huu ni mpangilio wa kuanzia kwa eneo la vipande vya kawaida:

```
proxy_cache_path /data/kache levels=1:2 keys_zone=video:200m
                 max_size=1500g inactive=30d use_temp_path=off;

proxy_cache_key         $host$uri;
proxy_cache_min_uses    2;
proxy_cache_lock        on;
proxy_cache_use_stale   error timeout updating http_502 http_503 http_504;
```

Mambo matatu hapo yamewatesa watu wengi. `inactive` isipoandikwa inachukua dakika 10: faili isiyoguswa kwa dakika 10 inafutwa, hata kama heda zake (maelezo yanayotumwa pamoja na faili) zinasema idumu mwaka mzima na diski ina nafasi tele. Nimeona mtambo wenye diski kubwa ambayo haikuwahi kujaa, na kila mtu akishangaa. `keys_zone` ni RAM ya kukumbuka funguo, na MB 1 inabeba takriban funguo 8,000. Filamu 208 zenye faili 6,000 kila moja ni zaidi ya faili milioni 1.2, yaani MB 156 hivi, ndiyo maana nimeandika 200. Eneo hilo likijaa, Nginx inaanza kufuta faili ingawa diski bado ina nafasi. Na `max_size` iache chini ya ukubwa halisi wa diski, kwa kuwa usafi unafanyika baada ya kuandika na wala si kabla.

Eneo la mianzo liwe na `min_uses` ya 1 na `inactive` ndefu, hata mwaka.

Hatua ya 6: Gawanya kazi ndani ya kundi

Kituo kimoja cha pembezoni kikiwa na seva 8 zenye TB 2 kila moja, una TB 16 au una TB 2? Inategemea maombi yanavyogawanywa. Kama kila ombi linakwenda kwa seva yoyote iliyo huru, seva zote nane zitaishia kubeba vitu vilevile vinavyopendwa, na umenunua TB 2 mara nane. Ukigawanya kwa heshi ya anwani (namba inayokokotolewa kutoka kwenye anwani yenyewe), kila kipande kina seva yake, na kundi zima lina TB 16 za vitu tofauti. Maktaba yetu ni TB 14.4. Ile asilimia 75 ya awali inageuka kuwa karibu kila kitu, kwa diski zilezile.

Tumia heshi thabiti. Ukigawanya kwa baki la kugawa heshi kwa 8, seva moja ikifa na zikabaki 7, anwani 7 kati ya kila 8 zinahamia seva nyingine, na kituo kizima kinaanza upya kikiwa kitupu. Kwa heshi thabiti, zinazohama ni zile za seva iliyokufa tu, 1 kati ya 8. Njia hii ilichapishwa mwaka 1997 na David Karger na wenzake, wengi wao wakiwa MIT, na mmoja wao, Tom Leighton, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Akamai mwaka uliofuata. Kwenye Nginx inaandikwa `hash $uri consistent;` ndani ya kundi la seva za juu.

Kasoro yake ni kipande kinachopendwa kupita kiasi: seva moja inabeba umati wote na kadi yake ya mtandao inajaa huku saba zikipumzika. Weka kache ndogo ya RAM kwenye seva za mbele zinazopokea maombi, zishike vipande vya moto kwa sekunde chache kabla ya kuelekeza kwa mwenye kipande.

Hatua ya 7: Ufunguo wa kache

Hapa ni pafupi lakini pana madhara makubwa. Ufunguo ni jina ambalo kache inalitumia kukumbuka faili. Ukiwa na kitu kinachobadilika kwa kila mtazamaji, kila mtazamaji anahesabiwa kama faili mpya. Niliwahi kuhudumia mtambo ambao usiku mmoja uwiano wa hiti uliporomoka karibu na sifuri na chanzo kikazidiwa. Mchana wake tokeni ya usalama, inayothibitisha kwamba mtazamaji ameruhusiwa, ilikuwa imeongezwa mwishoni mwa anwani, baada ya alama ya kuuliza, na ufunguo ulikuwa unabeba anwani nzima. Tokeni ikaguliwe mlangoni, kisha iondolewe kabla ya ufunguo kutengenezwa. Ndiyo maana mpangilio wa juu unatumia `$uri`, ambayo haina vigezo hivyo. Ila ukiitoa tokeni kwenye ufunguo bila kuikagua popote, umefungua milango yote ya nyumba.

Heda pia zisipingane na mpango wako. Kipande cha video iliyokamilika hakibadiliki milele, kipe `Cache-Control: public, max-age=31536000, immutable`. Ukihitaji kukirekebisha, kipe njia mpya yenye namba ya toleo. Usiandike juu ya faili ya zamani, kwa sababu baadhi ya seva zitakuwa na kipande cha 40 cha toleo la zamani na cha 41 cha jipya, na pleya itagonga mwamba katikati.

Hatua ya 8: Ngazi ya kati

Kila pembezoni inayokosa ikienda moja kwa moja kwenye chanzo, vituo 20 vinavyokosa kipande kimoja vinakiomba mara 20. Vikipitia ngazi ya kati, chanzo kinaombwa mara moja. Ngazi hii ndiyo makazi ya mkia mrefu. Ipe diski kubwa za kawaida, zile za kuzunguka, kwa kuwa inahitaji nafasi kuliko kasi, na uilenge ibebe maktaba nzima ukiweza.

Uwiano wa hiti uupime kwa baiti, pembeni ya ule wa maombi. Orodha za kucheza ni ndogo na huombwa kila mara, kwa hiyo zinapandisha uwiano wa maombi huku vipande vizito vikipanda ngazi kimyakimya. Na usidharau pointi chache. Kituo kinachotoa gigabiti 10 kwa sekunde kwa uwiano wa baiti wa asilimia 95 kinavuta megabiti 500 kutoka juu. Ukishuka hadi 90, kinavuta gigabiti 1. Kushuka kwa pointi tano kumezidisha mzigo maradufu.

Hatua ya 9: Jaza usiku, kabla hujaulizwa

Kache ya kawaida husubiri mtazamaji wa kwanza aumie ndipo ijifunze. Kwa filamu ambayo unajua itatoka kesho saa mbili usiku, hakuna sababu ya kusubiri. Netflix, ambayo ilitangaza mtandao wake wa Open Connect mwaka 2012, inaweka seva ndani ya kampuni za intaneti na kuzijaza katika saa za utulivu, kwa kukadiria kitakachotazamwa siku inayofuata. Wewe huhitaji ukubwa huo ili kufanya vivyo hivyo. Programu fupi inayopitia orodha ya kucheza na kuomba kila kipande kupitia kituo husika inatosha, mradi ombi lake lipite njia isiyo na yule mlinzi wa maombi mawili.

Hesabu dirisha lako: kujaza TB 1 kwa saa 6 kunahitaji takriban megabiti 370 kwa sekunde mfululizo. Ikiwa nyaya zako za juu hazina nafasi hiyo usiku, punguza orodha. Anza na mianzo, kisha filamu mpya kwa ubora unaotazamwa sana katika kituo kile, kisha zinazopanda chati za wiki.

Matangazo ya mubashara ni habari nyingine

Hapa tatizo la nafasi karibu linatoweka na tatizo la wakati linachukua nafasi yake. Sekunde 30 za mwisho za chaneli moja, kwa viwango vyetu vitano, ni MB 40. Zikae RAM, zisiguse diski kabisa. Ukiruhusu watazamaji kurudi nyuma saa 4, hiyo ni GB 19 kwa chaneli, na hizo ndizo ziende SSD.

Hatari ni umati. Kipande kipya kinazaliwa kila sekunde 6, na ndani ya sekunde moja maelfu wanakiomba kabla seva haijakipata. `proxy_cache_lock` inaruhusu mmoja apande juu na wengine wasubiri. Lakini kungoja kwake kwa kawaida kunaisha baada ya sekunde 5, na muda ukipita, waliosubiri wote wanaachiliwa kwenda juu, na majibu yao hayahifadhiwi. Chanzo kikichelewa sekunde 6 kwa bahati mbaya, kinapigwa na umati mzima wakati ambapo tayari kimechoka. Ongeza `proxy_cache_lock_timeout`, na `proxy_cache_lock_age` pamoja nayo, ambayo nayo huanzia sekunde 5. Kwa mubashara `min_uses` iwe 1.

Orodha ya kucheza ya mubashara ipe maisha mafupi, kama nusu ya urefu wa kipande. Jibu la 404 lipe sekunde moja tu: pleya ikiomba kipande sekunde chache kabla hakijazaliwa na kache ikalikumbuka lile "hakipo" kwa dakika nzima, umewazimia video watazamaji wote wa kituo hicho kwa kosa la mmoja aliyewahi.

Kuondoa

Haki za kuonyesha zinapoisha, usitegemee kufuta faili kwenye kila seva. Kufuta kunaweza kushindwa kwenye seva iliyozimwa wakati ule, nayo ikirudi inarudi na nakala. Acha kwanza kutoa tokeni za filamu hiyo, kisha futa. Soma pia mkataba wako: baadhi ya mikataba inataja nchi ambazo nakala zinaruhusiwa kukaa, na ratiba yako ya kujaza usiku lazima iifuate orodha hiyo. Nakala za msingi, zile nzito ulizopokea kutoka kwa watayarishaji, zikae kwenye hifadhi baridi katika maeneo mawili tofauti, na alama zake za uhakiki zikaguliwe kwa ratiba. Kumbuka kwamba baadhi ya madaraja ya hifadhi baridi huchukua saa kadhaa kurudisha faili, kwa hiyo kisikae humo chochote ambacho mtazamaji anaweza kukiomba moja kwa moja.

Jaribu kuzima

Mpango wote huu hujaujua mpaka umezima kitu. Chagua saa ya utulivu, toa seva moja kwenye kundi, na utazame vitu vitatu: uwiano wa baiti wa kituo, mzigo wa ngazi ya kati, na muda wa kuanza video. Ukiwa umetumia heshi thabiti, uwiano utazama kidogo na kupanda tena. Ukizama kwa kina, heshi yako haifanyi unachodhani.

Kisha fanya zoezi gumu zaidi: rudisha kituo kizima kikiwa na kache tupu. Usikifungulie watazamaji wote kwa pamoja. Jaza mianzo kwanza, zile GB 240, kisha ruhusu asilimia 10 ya watazamaji, ngoja uwiano wa baiti utulie, ongeza hadi 30, ngoja tena. Andika muda uliochukua hadi kurudi kwenye hali ya kawaida na uubandike pale zamu ya usiku inapoweza kuuona, kwa sababu siku kituo kitakapoanguka chenyewe, hilo ndilo swali la kwanza watakaloulizwa.